Soma Majina Madogo Kabla Hujagusa Gitaa la Led Zeppelin

Wakati ule nilikuwa napiga gitaa la rithim kwenye bendi ndogo ya hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi, saa mbili usiku mpaka saa sita. Kazi yetu ilikuwa kuwapigia wageni nyimbo wanazozijua huku wanakula kamba wa kukaanga. Usiku mmoja nikashika maiki, nikatangaza kwa madaha kwamba sasa tunawapigia wimbo wa Led Zeppelin, ile bendi ya roki ya Uingereza, "I Can't Quit You Baby". Tukaupiga, watu wakapiga makofi. Wakati wa mapumziko mzee mmoja mgeni akanifuata kaunta. Akanipongeza kwanza, halafu taratibu kabisa akaniambia kwamba wimbo ule si wa Led Zeppelin. Umetungwa na Willie Dixon, na aliyeurekodi wa kwanza ni Otis Rush, Chicago, mwaka 1956. Akavuta tishu ya mezani, akaniandikia majina matatu: Otis Rush, Willie Dixon, Memphis Minnie.

Tusifichane, niliona aibu. CD yenyewe nilikuwa nayo nyumbani miaka yote hiyo. Niliporudi usiku ule nikaitoa kwenye kasha, nikasogea kwenye taa. Jina la Dixon lipo pale, chini ya jina la wimbo, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Sikuwahi kulisoma hata siku moja.

Ndiyo maana kila kijana anayenijia akitaka nimfundishe Led Zeppelin, namwambia gitaa tuliweke chini kwanza. Tunasoma majina madogo. Bendi ile iliundwa London mwaka 1968 na watu wanne: Jimmy Page kwenye gitaa, Robert Plant sauti, John Paul Jones besi na kinanda, John Bonham drams. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 1969, na ukiifungua unakutana na Dixon mara mbili, kwenye wimbo huo niliojiaibishia na kwenye "You Shook Me", ambao Muddy Waters, mwimbaji wa Chicago, aliurekodi mwaka 1962. Vijana wa Uingereza wa enzi zile walikuwa wanaisaka bluzi, ule muziki wa Weusi wa Marekani, kwa udi na uvumba. Santuri zilivuka bahari kutoka Marekani zikapita mkono kwa mkono, na kuanzia mwaka 1962 wanamuziki wenyewe wa Chicago walianza kuzunguka miji ya Ulaya kwa maonyesho, Dixon akiwemo. Kwa hiyo hawa wanne walikuwa wanafunzi kabla hawajawa mabingwa, na mwalimu wao unaweza kumsikiliza wewe mwenyewe, leo, bure, kwenye simu.

Kosa langu mimi lilikuwa kuanzia juu. Nilitumia karibu miezi minne kunakili solo za Page noti kwa noti, nikazijua kama dua. Siku moja jukwaani mpiga besi akachelewa nusu baa (baa ni kipimo cha mapigo manne), nami nikabaki kama mtu aliyeshtuka usingizini kwenye daladala asijue amepita kituo au bado. Nilikuwa nimekariri, sikuwa nimeelewa wimbo unazungukaje. Baada ya ile tishu nikaanza upya, na upya wenyewe ni kodi tatu tu (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, siyo za TRA). Shika E, kaa hapo baa nne. Nenda A baa mbili, rudi E baa mbili. Kisha B7 baa moja, A baa moja, malizia na E baa mbili. Jumla 12, halafu unaanza tena. Juu ya mzunguko huo mwimbaji anasema neno lake, analirudia, kisha anajijibu mwenyewe, na kila anapovuta pumzi gitaa linamchombeza. Zunguka hivyo wiki nzima bila solo yoyote, polepole, mpaka mkono uende wenyewe huku unaongea na mtu. Ukishafika hapo, solo za Page zinaacha kuwa miujiza. Unamsikia anapomjibu Plant, na unamsikia anapokimbia kuliko ulazima, maana kwenye albamu ile ya kwanza anakimbia kweli.

Halafu sikiliza kwa jozi. Wimbo wa asili kwanza, mara tatu, ndipo wa kwao. Otis Rush alikuwa wa mkono wa kushoto na nyuzi zake zilikaa juu chini, nene upande wa chini, kwa hiyo usijivunje vidole kutafuta mvuto wake wa nyuzi. Sikiliza tu namna anavyoanza kulia kabla ala hazijaamka.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni "When the Levee Breaks". Mwaka 1927 mto Mississippi ulivunja matuta yake, mamia ya maelfu ya watu wakahama makwao, na Weusi wengi wakalazimishwa kubeba mchanga kuyazuia maji. Miaka miwili baadaye Kansas Joe McCoy na mkewe, Memphis Minnie, wakaurekodi wimbo huo kwa magitaa mawili na sauti ya Joe. Ukiusikia hivi hivi unaweza kudhani ni wimbo wa kutembelea, jinsi gitaa la Minnie linavyokwenda kwa wepesi. Mimi kama mwanamke niliyezoea kuulizwa kama gitaa ni la kaka yangu, nilirudia wimbo ule mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa weka wa Led Zeppelin, wa 1971. Walikuwa wamepanga kwenye nyumba moja kongwe huko Hampshire, Headley Grange, iliyojengwa mwaka 1795 kuwahifadhi maskini. Drams za Bonham zikawekwa ukumbini chini ya ngazi, na fundi mitambo wao, Andy Johns, akaning'iniza maiki mbili juu, ngazini. Hakuna maiki iliyosogezwa karibu na ngoma. Kwa hiyo unachosikia ni ngoma pamoja na nyumba: pigo linapanda ngazi, linagonga dari, linarudi likiwa zito. Usisikilize hiki kitu kwenye spika ya simu, utakuwa hujasikia kitu. Tafuta spika yenye besi au visikilizio vizuri vya masikioni. Joe na Minnie walikupa habari ya mafuriko baada ya kupita, hawa wamekuwekea maji yenyewe mlangoni. Na jina la Minnie limo kwenye orodha ya watunzi, pamoja na yao manne. Alikuwa bado hai, mjini Memphis. Alifariki mwaka 1973.

Si kila jina liliandikwa, na hili nawaambia wanafunzi wangu bila kupepesa macho. "Whole Lotta Love" ya mwaka 1969 ilitoka na majina manne ya bendi tu, wakati maneno yake mengi yanatoka kwenye "You Need Love", wimbo wa Dixon ulioimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon akashtaki mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. "The Lemon Song" nayo ilichota kwa Howlin' Wolf, mwimbaji mwingine wa bluzi wa Chicago, na hiyo pia iliishia kwa makubaliano. Wapo wanaosema bluzi yenyewe ni mali ya kuazimana, kila mtu alichukua beti kwa mwenzake. Ni kweli, na Dixon mwenyewe asingekataa. Ila Chicago waliazimana watu wa mtaa mmoja, mfuko mmoja mtupu. Wimbo ukivuka bahari ukauza mamilioni, kuazima kunakuwa na sura nyingine. Mimi nawapenda Led Zeppelin na bado nasema hivyo. Niliwahi kutunga kipande cha gitaa kikaingia kwenye rekodi ya watu, jina langu halikuonekana popote. Wimbo ukipita redioni huwa nabadilisha stesheni.

Tukirudi kwenye kusikiliza: ukishaikamata bluzi utajiuliza hawa watu walipata wapi yale mengine yote. Jibu langu ni la kikazi. Page na Jones walikuwa wapigaji wa kukodiwa kwenye studio za London miaka ya 1960. Asubuhi unampigia mwimbaji wa mapenzi, mchana tangazo, jioni bendi ya makelele, na hulipwi ukisema huo si muziki wangu. Mtu aliyepitia shule hiyo masikio yake hayachagui. Plant na Page mwaka 1970 wakaenda kukaa kwenye kibanda huko Wales, Bron-Yr-Aur, kisicho na umeme wala maji ya bomba, wakarudi na nyimbo za gitaa kavu ambazo zilijaza nusu ya albamu ya tatu. Wapenzi wa makelele walinuna. Albamu ya nne ina wimbo wa mandolini ambao Plant anapokezana na sauti ya mwanamke, Sandy Denny. Hata ile ya kwanza kabisa ina tabla, zile ngoma za Kihindi.

Siyo kwamba kila walichojaribu kilifaulu. "D'yer Mak'er" ya 1973 ni rege ya mtu aliyeisikia rege kupitia ukutani, samahani kwa wanaoipenda. "The Crunge", ya mwaka huo huo, ni fanki inayohesabiwa tisa, na ukijaribu kuicheza miguu inagongana. Lakini "Fool in the Rain" ya 1979 inageuka samba katikati, firimbi na vyote, na hapo Bonham anapiga kwa wepesi ambao ukiusikiliza baada ya zile ngoma za ngazini hutaamini ni mikono ile ile. Alifariki Septemba 1980, akiwa na miaka 32, na Desemba mwaka huo wenzake wakatangaza kwamba bendi imekwisha.

Zoezi moja nalitoa kwa kila mtu, hata asiyeshika ala. Weka "Kashmir", ya 1975. Kwa mguu fuata drams, hesabu nne nne. Kwa kijiko juu ya meza fuata gitaa, hesabu tatu tatu. Mwanzo utachanganyikiwa, kijiko kitataka kumfuata mguu. Usikubali. Kwenye pigo la 12 vyote vinakutana na utasikia kama mlango umefungwa vizuri, kisha vinaachana tena. Nililifanya zoezi hili nyumbani Tanga, mama akatoka jikoni kuuliza kwa nini nagonga meza. Mama ni mtu wa taarabu ya zamani, ile ya fidla nyingi zilizofuata nyayo za Misri. Nikamwekea toleo la mwaka 1994, ambalo Page na Plant waliurudia wimbo huo pamoja na wanamuziki wa Kimisri. Akasimama na mwiko mkononi mpaka mwisho. Akasema fidla ni za watu waliofundwa, ila yule kijana anayeimba aambiwe hafukuzwi na mtu.

Kama unaanza leo, kaa na albamu ya 1969 wiki mbili ukiwa na Otis Rush na Muddy Waters pembeni. Kisha ya nne. Kisha ile ya 1975 yenye "Kashmir", ambayo ni ndefu, usiimalize kwa siku moja. Za mwisho mwisho zitakusubiri.

Na kama unapiga mbele ya watu, taja majina kabla ya wimbo. Mimi siku hizi nasema: huu ni wa Willie Dixon, Otis Rush aliuimba kwanza, sisi tunaupiga kama Led Zeppelin. Haizidi sekunde kumi. Wageni wengi wanaendelea na kamba wao. Anayesikiliza ni kijana wa bajaji anayenirudisha nyumbani, maana huwa anangoja karibu na jukwaa. Juzi kati akaniuliza yule Minnie ninayemtaja mbona simpigi. Nikamwekea kwenye simu "Me and My Chauffeur Blues", ya 1941, Minnie anamwimbia dereva wake. Sasa kila Ijumaa hawashi injini mpaka nimpigie wimbo wa madereva.