Kabla Hujasema Timu Gani Inahitaji Mrushaji: Ushauri kwa Wageni wa Besiboli

Ukiingia kwenye besiboli ya Marekani ukitokea kwenye soka, Desemba itakushangaza. Mechi hazipo, lakini mashabiki wa New York Yankees na Boston Red Sox wanatupiana maneno kama watani wa Kariakoo wakati wa usajili. Ubishi mwingi ni wa warushaji, yaani wanaomtupia mpigaji mpira, maana hao ndio wanaokula pesa na ndio wanaoumia. Nimeukalia ubishi huu misimu mingi, na kwa anayeanza leo nina neno moja: usianze na majina. Anza na iningi, yaani vipande vya mechi ambamo kila timu hupata zamu moja ya kupiga.

Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, na mechi moja ina iningi 9. Hapo unapata iningi 1,450 na ushee ambazo lazima mtu apande kilimani, pale anaposimama mrushaji, azirushe. Siku hizi mrushaji wa kuanza akifikisha 200 kwa msimu ni habari ya kuandikwa. Wengi wazuri huishia kati ya 150 na 180. Maana yake, hata waanzaji wako watano wakiwa wazima mwaka mzima, jambo ambalo karibu halitokei, bado zinabaki iningi kama 600 za wanaotokea benchi. Kwa hiyo chukua karatasi, andika nani alirusha iningi ngapi msimu uliokwisha, futa walioondoka, kisha futa wanaouguza viwiko. Kinachobaki wazi ndicho timu inachohitaji.

Tuchukue majira ya baridi ya mwisho wa 2024, kwa sababu yanafundisha vizuri. Red Sox walikuwa wameshinda mechi 81 na kupoteza 81. Ukihesabu iningi tu, hawakuwa maskini: Kutter Crawford alirusha 183, Tanner Houck 178, Brayan Bello 162. Ila Crawford aliruhusu homurani 34, yaani mipira iliyopigwa ikavuka uzio, na ukimwondoa Houck hakukuwa na mtu ambaye mpinzani akimwona kwenye ratiba anakosa usingizi. Nick Pivetta naye alikuwa anaondoka. Tatizo la Boston, basi, lilikuwa ubora wa juu kuliko wingi.

Kwa Yankees ilikuwa kinyume, angalau kwenye karatasi. Walikuwa wametoka kufungwa na Los Angeles Dodgers kwenye fainali, na walikuwa na Gerrit Cole, Carlos Rodón, Clarke Schmidt, Marcus Stroman, Nestor Cortes, pamoja na Luis Gil aliyekuwa ametoka kutajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yao. Juan Soto alipowakimbia kwenda New York Mets, majirani zao wa jiji, kwa dola milioni 765, pesa ikabaki mezani, na wakamsajili Max Fried kwa miaka 8 na dola milioni 218. Wengi waliuliza: mrushaji mwingine wa nini?

Wa nini? Tazama miili. Cole alikosa karibu miezi mitatu ya mwanzo wa 2024 kwa sababu ya kiwiko. Gil alirusha iningi 151 baada ya misimu miwili ya kutorusha karibu chochote kufuatia upasuaji. Watu wa aina hiyo usiwahesabie iningi zilezile mwaka unaofuata. Machi 2025 Cole akafanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kurekebisha kano ya kiwiko, ambao humweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Gil akaumia msuli na kukaa nje hadi Agosti. Julai ikawa zamu ya Schmidt. Fried aliyeonekana wa ziada akarusha iningi 195 na kushinda mechi 19.

Boston nao walikwenda sokoni na sarafu nyingine. Garrett Crochet walimpata kutoka Chicago White Sox kwa kutoa vijana wanne, wakiwemo Kyle Teel na Braden Montgomery. Mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 170 ulikuja baadaye, msimu wa 2025 ukiwa umeanza. Wageni wengi hulinganisha mikoba ya timu na kusahau ghala la vijana. Timu inayolipa kodi ya anasa, ile ya timu ambazo mishahara yao imevuka kikomo cha ligi, karibu kila mwaka, kama Yankees, inaona dola kwa jicho tofauti na timu yenye shamba, yaani timu zake za ligi ndogo, lililojaa chipukizi. Crochet naye alikuwa kamari: 2024 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza mechi msimu mzima, na alirusha iningi 146 tu. Kamari ililipa. Mwaka 2025 alirusha 205 na kuwatoa wapigaji 255 kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu halali waliyoshindwa kuipiga sawasawa.

Uwanja nao uupe nafasi. Yankee Stadium ina uzio wa kulia ulio karibu, mita 96 hivi kwenye kona, peponi kwa wapigaji mashoto. Mpigaji mashoto husumbuliwa zaidi na mrushaji mashoto, ndiyo sababu warushaji kama Fried na Rodón wana thamani ya ziada pale. Fenway, uwanja wa Boston, ukaribu uko kushoto, ingawa ukuta wake una urefu wa mita 11. Crochet ni mashoto pia na hukutana na wapigaji wengi wa mkono wa kulia wanaoutamani ukuta ule, lakini mpira usioguswa haufiki ukutani.

Kwa wanaotokea benchi punguza kujiamini. Hawa hurusha iningi 60 hivi kwa mwaka, na siku mbaya tatu tu zinaharibu takwimu zote. Yankees walimtoa Cortes na Caleb Durbin wampate Devin Williams, mmaliziaji, yaani mrushaji wa kufunga iningi ya mwisho timu ikiongoza, aliyeogopwa alipokuwa Milwaukee. Kabla Aprili haijaisha alikuwa amevuliwa kazi ya kumalizia. Boston walimchukua Aroldis Chapman, mzee wa miaka 36 wakati huo, kwa mwaka mmoja na dola milioni 10.75, na akamaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.17 kwa kila iningi 9. Ukikutana na mtu anayedai alijua yote mawili Desemba ile, mpe kiti akae, msikilize, usimwamini.

Halafu kuna vijana wa ligi ndogo, ambao karatasi za wengi hazina mstari wao. Oktoba 2025 timu hizi mbili zilikutana raundi ya kwanza ya mtoano na kufika mechi ya tatu, ya kuamua. Boston walimwanzisha Connelly Early, aliyepanda ligi kuu Septemba ileile, kwani Houck na Crawford walikuwa majeruhi, Lucas Giolito kiwiko kilimgomea, na Walker Buehler, waliyemsajili kwa dola milioni 21, walishaachana naye Agosti. Yankees walimwanzisha Cam Schlittler, aliyeanza Julai. Akarusha iningi 8 bila kuruhusu pointi, akawatoa wapigaji 12 kwa straiki, na Yankees wakashinda 4-0. Kwa hiyo mimi huanzia Novemba, timu zinapotangaza vijana zinaowalinda kwenye orodha ya watu 40, wasichukuliwe na timu nyingine. Nao nawaandika chini kabisa ya karatasi, pamoja na iningi walizorusha ligi ndogo.