Mgongo wa Rubani wa Helikopta Hauponi kwa Kunyanyua Vyuma

Nilirusha helikopta za jeshi kwa miaka 12 kabla ya kustaafu na kurudi kwetu Shela. Vijana wa Lamu wanaotamani kazi hiyo huniuliza habari za vipimo vya macho, wala hakuna anayeuliza habari za mgongo.

Rubani wa helikopta hukaa vibaya kwa lazima. Mkono wa kulia hushika usukani ulio katikati ya mapaja, wa kushoto hushuka kando ya kiti kushika wenzo wa kupandishia chombo, na miguu yote miwili huwa juu ya pedali, hivyo kiwiliwili huinama mbele na kupinda kidogo kushoto kwa muda wote wa safari. Isitoshe, panga kuu huzunguka mara chache tu kwa sekunde, na mtetemo wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde ndio hasa unaoutikisa uti wa mgongo wa mtu aliyeketi.

Nilidhani dawa ya maumivu ya mgongo ni nguvu. Nikanyanyua vyuma, nikafanya mazoezi ya kulala chali na kuinuka kila jioni, hata nikawa siwezi kuinama kufunga kamba za buti. Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye aliyenifahamisha kuwa misuli midogo iliyoshikamana na pingili huhitaji zaidi ustahimilivu wa kushikilia kwa muda bila kuchoka.

Siku hizi, baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ungali mgumu, hupiga magoti na kuweka viganja chini, nikanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, nikahesabu hadi 10 huku nikipumua, kisha nikabadilisha. Mwanangu huniwekea kiunoni kifuu chenye maji. Yakimwagika, najua nimepinda. Halafu hulala ubavu nikiegemea kiwiko na kuinua nyonga. Upande wa kushoto huchoka mapema, kwa hiyo huurudia.

Nawasihi walio kazini wasifiche maumivu kwa kuogopa kuzuiwa kuruka, kama nilivyoficha mimi kwa miaka 2. Na mguu ukilegea, au ganzi ikiingia baina ya mapaja, au mkojo ukakataa kuzuilika, acha mazoezi uende hospitali saa hiyo hiyo.