Ukianza kusoma kinga ya mwili, anza na kinachoizuia

Wengi mnaoingia maabara za kinga mnakuja na picha ya sekondari: seli nyeupe ni askari, vijidudu ni maadui. Kwa mtihani wa kidato cha nne inatosha. Kazini itawapoteza, kwa sababu inawafanya mdhani kinga kali ndiyo kinga nzuri, na kwamba mgonjwa akizidiwa basi kinga yake imeshindwa. Kabla hujakariri kinachoua vijidudu, elewa kinachoizuia kinga isimgeukie mwenye mwili.

Soma kwanza kazi iliyopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Shimon Sakaguchi wa Japani alishughulika na panya walioondolewa tezi ya thaimasi siku tatu baada ya kuzaliwa. Kwa kuwa seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe, hukomaa humo, ungetarajia kinga yao idhoofike tu. Kumbe kinga ilianza kushambulia viungo vyao wenyewe. Walipodungwa seli T za panya wazima, walisalimika. Basi miongoni mwa seli T lipo kundi linalozituliza nyingine, na mwaka 1995 Sakaguchi akalitambulisha kwa alama zake, yaani protini zilizo juu ya seli: seli zenye CD4 na pia CD25. Alihitaji ukaidi kufika hapo. Wazo la seli za kutuliza lilivuma miaka ya 1970, likaporomoka kwa kukosa ushahidi imara, na wengi hawakutaka tena kulisikia.

Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwa kwenye kampuni ya dawa jimboni Washington, Marekani, walipita njia nyingine. Walichukua ukoo wa panya ambao madume wake huwa na ngozi ya magamba na hufa baada ya wiki chache. Wakalibana eneo la kromosomu X mpaka zikabaki jeni 20, wakazichunguza moja moja. Ya ishirini ndiyo iliyokuwa na kasoro. Jeni hiyo ndiyo FOXP3, na mwaka 2001 ilibainika kuwa ikiharibika kwa watoto wa kiume huleta ugonjwa wa IPEX: kisukari cha uchangani, kuhara kusikokoma, ukurutu. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba FOXP3 ndiyo inayoziendesha seli za Sakaguchi.

Sasa msimamizi wako atakuambia umtafutie seli hizo kwenye damu ya mgonjwa, na hapo ndipo wageni hukwama. FOXP3 haikai juu ya seli, imo ndani ya kiini. Ili kuipaka rangi lazima utoboe utando, na seli iliyotobolewa imekufa. Ukitaka seli hai za kukuza, tumia alama za nje ya seli: chagua zenye CD25 nyingi na CD127 kidogo. Tena kuna mtego mbaya zaidi: kwa binadamu, seli T ya kawaida ikiamshwa huweza kuonyesha FOXP3 kwa muda bila kuwa seli ya kutuliza. Mgonjwa wa malaria au kifua kikuu ana seli nyingi zilizoamka. Ukihesabu zenye FOXP3 tu, ukaandika kuwa seli za kutuliza zimeongezeka, ripoti itarudishwa, na ni haki irudishwe. Pima kazi yenyewe: zichanganye na seli T nyingine uone kama kweli zinazizuia kuongezeka.

Mlio kliniki, somo la kinga kumgeukia mwenye mwili mtakutana nalo CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU. Mtu ana VVU, seli zake T zenye CD4 zimeshuka chini ya 50 kwa kila mikrolita ya damu, anaanzishiwa ARV. Wiki chache baadaye virusi vimepungua, CD4 zinapanda, naye amezidiwa: homa imerudi, tezi za shingo zimevimba, kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kimejitokeza. Ndugu watasema dawa ndiyo inayomuua. Msiwabeze, maana wanachokiona ni kweli. Alianza dawa, akazidiwa. Waelezeni kwamba kinga imerudi, imekuta vimelea tele, na ghasia yake ndiyo inayomuumiza. Kwa kawaida ARV haziachwi. Hutibiwa ugonjwa uliojitokeza, na kwa kifua kikuu daktari anaweza kuongeza prednisoloni kuipoza kinga.

Homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoka ina sura nyingine, na ningependa kila mgeni aijue. Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014, uliwagawa wagonjwa makundi mawili. Kati ya walioanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili, asilimia 45 walifariki ndani ya wiki 26. Kati ya waliosubirishwa kama wiki tano, ni asilimia 30. Dawa ni zile zile. Kilichotofautiana ni siku ya kuifungulia kinga. Lakini msikimbilie kusema basi tuipoze. Deksamethasoni, dawa ya kuipoza kinga, ilipojaribiwa kwa ugonjwa huo huo, jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu ilidhuru. Dawa hiyo hiyo, mwaka 2020 nchini Uingereza, ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ukiulizwa kama dawa ya kupoza kinga ni nzuri, rudisha swali: ugonjwa gani, na siku ya ngapi?

Panya nao waheshimuni, ila kwa kiasi. Panya wa maabara wanaishi kwa usafi ambao hakuna mtoto wa Tanga aliyewahi kuuona, na kinga yao hubaki ya kichanga. Hata nyani si binadamu. Mwaka 2006 jijini London wanaume sita walipewa dawa ya majaribio TGN1412, iliyokusudiwa, tazama kejeli, kuongeza seli za kutuliza. Nyani hawakuonyesha shida. Wale sita wote walilazwa wodi ya wagonjwa mahututi kwa mfumuko wa saitokini, kemikali ambazo seli za kinga huzitumia kupashana habari, na kwa bahati wote walinusurika.

Kuna suala la viwango pia. Watu wengi wa asili ya Afrika hawana alama ya Duffy kwenye seli nyekundu, jambo linalowakinga sana dhidi ya malaria ya vivaksi. Watu hao hao neutrofili zao, aina nyingine ya seli nyeupe, husomeka chache bila ugonjwa wowote. Mashine iliyoletwa na viwango vya Ulaya itakutolea onyo kwa mtu mzima wa afya, na nimeona watu wakiondolewa kwenye tafiti kwa onyo hilo. Tumia viwango vya watu wa eneo lako. Visipokuwapo, andika kwenye ripoti ulivyotumia vimetoka wapi. Na kwenye tyubu andika saa damu ilipotolewa, si saa ilipofika maabara. Seli zilizokaa kutwa nzima ndani ya gari kwenye joto zitakupa majibu ya safari, si ya mgonjwa.