Wasomaji Wanauliza: Mpox inatoka kwa mnyama au kwa mtu?

Barua zinazotufikia kuhusu ugonjwa wa mpox zimekuwa nyingi, na nyingine zimeandikwa kwa hofu kubwa. Tumechagua 4 ambazo majibu yake yanagusa tafiti za miaka ya karibuni, hasa zile zilizofanyika mashariki mwa Kongo.

Hapa Mwanza watu wanasema mpox inaletwa na nyama ya porini, na kwamba asiyekula nyama hiyo hana la kuogopa. Wataalamu wanajuaje kama mgonjwa ameambukizwa na mnyama au na binadamu mwenzake?
*Mfanyabiashara wa dagaa, Mwanza*

Ndugu msomaji, wanaosema hivyo wanaeleza jambo lililo kweli, ila wanaeleza ugonjwa ulivyokuwa zamani. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa duniani alikuwa mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, katika Jimbo la Equateur nchini Kongo, mwaka 1970. Kwa miongo iliyofuata, wagonjwa wengi nchini humo walikuwa watoto wa vijiji vilivyo kando ya misitu, ambako panya na kindi wa porini wanashukiwa kuwa ndio wanaokihifadhi kirusi. Mtu aliambukizwa na mnyama, akawaambukiza wachache wa nyumbani kwake, kisha ugonjwa ukakatika wenyewe.

Kilichotokea Kamituga hakikufuata njia hiyo. Kamituga ni mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, wenye vijana wengi wanaokuja kutafuta riziki na kuondoka. Kati ya mwishoni mwa Septemba 2023 na mwisho wa Februari 2024, watafiti waliwachunguza watu 241 walioshukiwa kuugua, na kati yao 108 walithibitishwa kimaabara. Umri wa kati wa waliothibitishwa ulikuwa miaka 22, na karibu 3 katika kila 10 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Takwimu hizo peke yake zilitosha kuwafanya watafiti washuku kwamba chanzo hakikuwa msituni, kwa kuwa ugonjwa unaotoka kwa wanyama hauchagui vijana wa mjini na kuwaacha watoto wa vijijini.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana ndani ya kirusi chenyewe. Mhudumu husugua kijiti cha pamba juu ya lengelenge la mgonjwa au huchukua ukoko wake, akakitia kijiti kwenye kichupa, na sampuli husafirishwa ikiwa baridi hadi maabara, ambako vinasaba vya kirusi husomwa herufi kwa herufi, yaani kemikali moja baada ya nyingine, ambazo wataalamu huziandika kwa herufi kama C na T. Kirusi cha mpox kwa asili hubadilika polepole sana. Lakini kinapozaliana ndani ya mwili wa binadamu hukutana na vimeng'enya vya kinga viitwavyo APOBEC3, ambavyo hushambulia vinasaba vyake na kugeuza herufi C kuwa T, hasa pale C inapotanguliwa na T. Kirusi kinachonusurika hubaki na alama hizo na kuzirithisha kwa vizazi vyake, kwa hiyo kila kinapopita kwa mtu mwingine alama huzidi kuongezeka. Katika sampuli za wagonjwa wa vijiji vya msituni alama hizo ni chache, ilhali katika sampuli za Kamituga zilikuwa nyingi, jambo linaloonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimekwisha kupita kwa watu mfululizo. Tawi hilo jipya la kirusi ndilo linaloitwa Ib.

Utafiti huohuo ulifichua jambo jingine ambalo naliona zito kwa nchi zetu zote. Tawi la Ib limepoteza kipande cha vinasaba ambacho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na kipimo maalumu cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba, cha kutambua virusi vya kundi la kwanza, ambalo Ib ni tawi lake. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha jumla kilisoma kuwa mgonjwa ana mpox, lakini kile cha kutambua kundi kikasoma kuwa hana kirusi cha kundi hilo. Laiti maabara zingeridhika na kile cha kutambua kundi bila kusoma vinasaba vyote, tawi hili lingesambaa likiwa limefichika.

Kwa hiyo asiyekula nyama ya porini naye yumo hatarini, ikiwa atagusana ngozi kwa ngozi na mgonjwa, atalala kwenye shuka zake au atashiriki naye tendo la ndoa. Nawasihi pia wasomaji wasigeuze habari za Kamituga kuwa hukumu juu ya wanawake wa machimboni. Ugonjwa ulipita kwao kwa sababu wanakutana na watu wengi, kisha ukaingia majumbani na kuwafikia watoto ambao hawakuwa na kosa lolote, kama ambavyo wanawake hao nao hawakukosa kwa kuugua.

Mume wangu ni dereva wa lori na hupita mipaka kila mwezi. Majirani wameanza kutukwepa, na wengine wanasema serikali ingefunga mipaka yote. Je, kufunga mipaka kungesaidia?
*Mama wa watoto watatu, Voi*

Pole sana, dada yangu. Najua maneno hayo yalianza kusikika huko kwenu tangu mgonjwa wa kwanza wa Kenya alipogunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta mwezi Julai 2024, naye alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kupitia Kenya. Angalia jinsi safari moja ilivyogusa nchi tatu, nawe utaona kwa nini Shirika la Afya Duniani, lilipotangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, halikupendekeza mipaka ifungwe. Siku moja tu baada ya tangazo hilo, mgonjwa wa tawi la Ib alithibitishwa Sweden, na mwezi Machi 2025 Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza. Dharura hiyo iliondolewa Septemba 2025, lakini kirusi hakikuondoka pamoja nayo.

Sababu ya kitaalamu ni kwamba dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Dereva aliyeambukizwa juzi hupimwa joto mpakani akaonekana mzima. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanywa Uingereza katika mlipuko wa mwaka 2022, ambao ulisababishwa na tawi jingine la kirusi, ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa waliwaambukiza wenzao hadi siku 4 kabla ya wao wenyewe kuona dalili. Kizuizi cha barabarani hakiwezi kumkamata mtu wa namna hiyo, na mipaka ikifungwa watu hupita njia za panya, ambako hakuna mhudumu wa afya wala daftari la kuandika majina.

Kinachosaidia ni mgonjwa kujitokeza mapema na kuwataja bila woga watu aliogusana nao, ili wafuatiliwe kwa siku 21. Dereva anayejua kwamba familia yake itatengwa na majirani ataficha kipele chake, na atakapokificha, hao majirani ndio watakaoathirika. Waambie hivyo.

Nilichanjwa ndui nikiwa mtoto na kovu bado liko begani. Je, linanikinga?
*Mstaafu, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Linakusaidia kwa kiasi kikubwa, ingawa si kinga kamili. Kirusi cha ndui na cha mpox ni ndugu, na chanjo ya kimoja huufundisha mwili kupambana na kingine. Utafiti ulioongozwa na Anne Rimoin katika eneo la Sankuru nchini Kongo, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba waliochanjwa ndui walikuwa na hatari ya kuugua iliyo chini mara 5 kuliko wasiochanjwa. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba ugonjwa ulikuwa umeongezeka takriban mara 20 tangu miaka ya 1980, baada ya chanjo ya ndui kusitishwa kufuatia kutokomezwa kwa ugonjwa huo. Wajukuu wako, mzee, hawana kovu hilo, na ndio maana wasiwasi wetu mkubwa uko kwao. Chanjo ya sasa iitwayo MVA-BN, ambayo hutolewa dozi 2 kwa kuachana wiki 4, ilianza kutolewa Kongo mjini Goma mwezi Oktoba 2024, lakini kwa kuwa dozi zilikuwa chache zilielekezwa kwanza kwa wahudumu wa afya na watu waliogusana na wagonjwa.

Je, kuna dawa ya kuponya mpox? Mtoto wa jirani yangu ameugua na tunaambiwa tutafute vidonge kutoka nje.
*Mama, Bujumbura*

Mama, msitumie akiba yenu kutafuta vidonge hivyo. Dawa iliyotegemewa zaidi, tecovirimat, ilijaribiwa nchini Kongo katika hospitali za Tunda na Kole kwa wagonjwa 597, watoto na watu wazima, chini ya taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Marekani. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hawakupona vidonda haraka kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hata hivyo, katika makundi yote mawili vifo vilikuwa asilimia 1.7, ilhali nchini humo kwa jumla vilikuwa vikifikia asilimia 3.6 au zaidi. Tofauti hiyo watafiti waliihusisha na matunzo, kwa kuwa wagonjwa wote walilazwa, wakapewa chakula na maji ya kutosha, wakatulizwa maumivu, na vidonda vilivyoingiwa na bakteria vikatibiwa kabla havijasambaza sumu mwilini. Huyo mtoto wa jirani apelekwe kituo cha afya leo. Anayemuuguza afunike vipele vyake kwa kitambaa safi, anawe mikono kwa sabuni kila anapomgusa, na shuka zake zifuliwe peke yake. Vipele vya mdomoni vikimzuia kunywa, au jicho lake likianza kuwa jekundu na kuuma, asisubiri kesho, kwa kuwa kirusi hiki kikifika kwenye jicho kinaweza kumwachia upofu.