Chuo kikuu kupitia simu

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Nimemaliza kidato cha sita na sasa nasaidia dukani kwa mjomba, Ngamiani, Tanga. Je, kozi za bure za vyuo vya Marekani zinazotolewa kwenye intaneti ni elimu kweli, au nitamaliza bando tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Elimu ni ya kweli. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walipofungulia umma kozi yao ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, walijiandikisha watu wapatao 160,000, ingawa waliomaliza walikuwa kama 23,000, na kozi nyingi zilizofuata zimemalizwa na sehemu ndogo zaidi ya waliojiandikisha. Wengine hawaangushwi na ugumu wa somo, bali na upweke, kwa sababu mwalimu hakujui na hakuna wa kukuuliza mbona jana hukuonekana. Kiingereza cha haraka nacho huchosha. Kwa hiyo tafuta mwenzako hapo Ngamiani msome kozi moja, tena fupi, na video mzipakue mnapopata intaneti ya bure. Cheti mara nyingi hulipiwa, lakini Coursera, tovuti inayotoa kozi za namna hii, hupokea maombi ya msaada wa ada. Ukipata nafasi ya chuo, usiiache kwa ajili ya kozi hizi, kwani waajiri wengi wangali wanadai shahada.