Enthalpi sio ya kukariri jamani

Kuna dogo wa mwaka wa kwanza injinia kanitumia meseji, "Bro thermo (thermodynamics, somo la joto na nishati) inanitoa jasho, enthalpi ndio joto lililomo ndani ya kitu au?" Nikacheka kwa uchungu, maana jibu hilohilo nilipewa na mhadhiri mmoja, nilipouliza swali la pili akasema mbele ya darasa zima kwamba mimi nitadisko tu, yaani nitafeli nifukuzwe chuo. Sikudisko. Leo nafunga mitambo ya baridi na mkate wangu unatoka humohumo kwenye enthalpi, salamu zimfikie.

Sasa sikia dogo, kitu hakitunzi joto kama ndoo inavyotunza maji. Kina nishati yake ya ndani, U, halafu kuna nishati ya kusukuma mazingira ili kipate nafasi ya kukaa, yaani presha mara ujazo. Jumlisha, H = U + pV, basi. Ukipasha kitu presha ikiwa haibadiliki, mfano sufuria isiyo na mfuniko, joto unaloingiza ndio ongezeko la enthalpi. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100 inakula kama kilojuli 335, ila kuimaliza yote iwe mvuke inadai kama 2257 nyingine na kipimajoto wala hakisogei!

Jina enthalpi alilitunga Mholanzi, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, yule aliyeifanya heli kuwa kimiminika 1908 akachukua Nobel 1913. Ni la Kigiriki, enthalpein, kupasha joto ndani, na kwenye maandishi linaonekana 1909. Wengi wanamtwisha Clausius, huyo Mjerumani ni wa entropi, kipimo kingine kabisa cha thermo, 1865, msichanganye. Hata Gibbs wa Marekani alikuwa ameshaitumia hesabu yenyewe karne ya 19, bila hilo jina.

Na sio ajabu jina limetoka kwa mtu wa baridi. Nenda kwa fundi friji yeyote umwombe akuonyeshe kapilari, kile kibomba chembamba cha kushushia presha. Gesi ya friji inaingia humo ikiwa kimiminika cha vuguvugu, inatoka baridi mpaka bomba linashika barafu, na enthalpi kuingia na kutoka ni karibu ileile. Presha imeshuka, sehemu ya kimiminika imechemka ghafla na joto la kuchemkia imelitoa kwenye kile kilichobaki. Acheni kukesha na pasti pepa jamani, shikeni vitu! Dogo, hiyo ya kapilari ichore mwenyewe kwenye chati ya presha na enthalpi, ni mstari wima unaoshuka, na kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo, wanaipenda sana.