Kakejiku na byobu za kale: jinsi ya kuzishika zisikufie mikononi

Kakejiku ni mchoro wa Kijapani unaotundikwa ukutani na kuviringwa, na byobu ni kiambaza cha paneli za kukunja kinachosimama sakafuni. Michoro hiyo ya misonobari, korongo na maua ya plamu imevuka miaka 300 kwa sababu muda mwingi wa maisha yake imekaa sandukuni. Plamu hutundikwa baridi inapoanza kukatika, maua ya airisi mwezi wa 5, majani mekundu yanapokaribia kupukutika, kisha kila mmoja hurudi gizani. Jumba la makumbusho la Nezu, Tokyo, hadi leo hutoa byobu za airisi za mchoraji Ogata Kōrin kwa wiki chache tu, wakati airisi zenyewe zinachanua kwenye bustani yake. Mpangilio huo wa majira ndio ulinzi wenyewe. Ukiwa na kakejiku moja nyumbani, itundike wiki 4 hadi 6 kwa mwaka, mbali na dirisha, kwenye mwanga hafifu wa laksi 50 hivi. Mwanga ukishakula rangi ya hariri, hakuna fundi wa kuirudisha.

Kabla ya kuigusa, ujue ilivyojengwa. Picha, ya karatasi au ya hariri, imebandikwa juu ya matabaka ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono. Kwa kawaida karatasi ya aina ya Mino huikamata picha kwa nyuma, hufuata ya Misu iliyochanganywa na unga mweupe wa kombe za chaza, na mgongoni ni ya Uda yenye udongo mweupe. Gundi ni wanga wa ngano. Kwa matabaka ya nyuma hutumika gundi ya wanga iliyozeeshwa mtungini karibu miaka 10, na udhaifu wake ndio unaotafutwa: huushika mchoro bila kuufanya mgumu, na miaka 100 baadaye fundi anaweza kuubandua kwa maji. Anayepaka gundi nyeupe ya seremala anaukausha mgongo ukawa kama ubao, na siku ya kuviringa, picha inapasuka. Gundi ya utepe nayo hupenya ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia. Palipochanika, usibandike chochote; funika kwa karatasi laini isiyo na asidi upeleke kwa fundi.

Kutundika kunahitaji mikono iliyonawa na kukauka, bila pete wala saa. Weka kakejiku juu ya meza safi, fungua kamba, toa kipande cha karatasi kilicho chini ya kamba, kisha kunjua sentimita 20 au 30 tu. Zinyooshe zile tepe mbili za kitambaa za juu, sogeza ncha ya kamba ya kufungia upande wa kulia isije ikaning'inia mbele ya picha. Inua kitanzi kwa fimbo yenye panda, kitundike msumarini, na ndipo uteremshe kigongo cha chini polepole kwa mikono miwili. Usishike vile virungu vya mwishoni. Vimebandikwa tu na huchomoka.

Kushusha ni kinyume chake: viringa kuanzia chini ikiwa bado imetundikwa, itoe, umalizie mezani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona kingo hazilingani, wanashika ncha mbili na kuzisokota ili zikaze. Msuguano huo hung'oa rangi, hasa kijani cha malakiti na buluu ya azuriti, maana hizo ni punje za mawe zilizoshikwa na gundi ya ngozi ya mnyama tu. Kingo zisipolingana, kunjua uanze upya. Rangi ikiwa nene, fundi akutengenezee ganda la mbao la kuvalisha kigongo ili kiwe kinene. Mchoro ukizunguka duara kubwa, haufinyangwi.

Unaponunua, chukua tochi na kioo cha kukuza mara 10. Mwanga ukipita pembeni karibu na uso wa picha huonyesha mikunjo ya mlalo, rangi iliyonyanyuka na viraka. Kwenye kioo, wino wa brashi huingia katika nyuzi. Ukiona vinukta vilivyopangwa, hiyo ni chapa ya mashine.

Byobu ina matatizo yake. Kila paneli ni kimia cha mbao nyepesi kilichovikwa karatasi tabaka kwa tabaka, ndani ni tupu. Kidole kikisukuma katikati ya mbao mbili, kinatoboa. Kwa hiyo shika fremu peke yake, na byobu ya paneli 6 ibebwe na watu wawili, ikiwa imekunjwa na kusimama. Bawaba zake ni za karatasi. Ukiinyoosha ikawa kama ukuta, inaanguka, na ukiilazimisha, bawaba zinachanika. Iache katika zigizaga. Ukiikunja, weka karatasi laini kati ya nyuso zilizochorwa. Kwenye byobu iliyobandikwa majani ya dhahabu, tafuta mistari inayoonyesha vipande vya mraba vilipopandana. Angalia pia viraka vya mviringo: huenda paneli hizo zilikuwa milango ya kuteleza, na hapo palikuwa na vishikio. Alama kama hizo zimo kwenye byobu ya mti wa mvinje ya mchoraji Kanō Eitoku, iliyoko Tokyo National Museum. Majani ya madini ya fedha yaliyogeuka meusi usiyang'arishe kamwe. Unasugua mchoro wenyewe.

Unyevu wa hewa ulenge asilimia 50 hadi 60, na usipandepande na kushuka. Mombasa au Dar es Salaam adui ni ukungu, hivyo usitundike kwenye ukuta unaopakana na bafu. Ulaya wakati wa baridi, kipasha joto hukausha chumba hadi kingo zinajikunja ndani. Ikianza hivyo, ishushe siku hiyohiyo. Sanduku la kiri, mti mwepesi wa Kijapani, linasaidia, kwa sababu hufura kukiwa na unyevu na kufunga mwanya. Mara moja kwa mwaka, subiri siku mbili mfululizo zisizo na mvua, toa kakejiku, itundike kivulini saa chache, kagua mgongo kwa mayai ya wadudu na vidoa vya kuvu, kisha irudishe kabla hewa ya jioni haijalowa.